Kitaluni au kwenye mikaratusi?

Ukitafuta kibarua cha miti huku Kakamega, utakuta njia mbili. Kitaluni utajaza viriba udongo, utasia mbegu, utamwagilia maji asubuhi na jioni. Kazi ya kivulini, ila mgongo utaujua.

Mimi ningechagua shamba la mikaratusi. Kisiki kilichokatwa huchipuka upya, machipukizi kibao, nawe unabakiza mawili au matatu yaliyonyooka na kushika vizuri, mengine unayafyeka. Mti wenyewe hukatwa kwa mshazari ili maji yasituame juu ya kisiki. Mzee wa kazi anakuonyesha kisiki kimoja, cha pili unajaribu mwenyewe. (Kwenye saipresi usitarajie hayo: ukishaikata, haichipuki tena.)

Malipo? Ulizia kabla hujashika panga.