Kadi za milango kutoka Darajani: nyeupe, nene na kidude cha bluu

Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza vitasa vya kadi kwenye nyumba za wageni za Mji Mkongwe, kuanzia Malindi mpaka Shangani. Vitasa havinisumbui sana, maana kutu ya chumvi naijua na betri nazijua. Kinachonitoa jasho ni kadi. Bi mkubwa mmoja wa Kiponda alinipigia simu kunisuta: "Fundi, kadi hizi zinakufa kama kuku wa kideri!" Nikaenda kwenye duka ninalonunulia vifaa, nyuma ya soko la Darajani, nikachukua aina zote tatu walizonazo nizipambanishe. Kadi nyeupe nyembamba ni shilingi 1,000. Kidude cha bluu cha kuning'iniza kwenye funguo, 1,500. Kadi nene, 2,500.

Zote zinatumia mawimbi ya megahezi 13.56 na hazina betri. Ndani mna koili ya waya na chipu ya milimita moja hivi, na umeme wote wa chipu hiyo unatoka kwenye uga wa sumaku wa mashine inayoisoma. Mtihani uko hapo. Ukishaiacha mbali koili inayourusha, uga huo hudhoofika vibaya: umbali ukiwa mara mbili, inabaki moja ya nane. Sasa igeuze hesabu. Kadi inayookoteza umeme kwa mbali, ikibandikwa kwenye mashine inamwagiwa. Kiwango cha kimataifa cha kadi hizi, ISO 14443, kinataka zifanye kazi kwenye uga wenye nguvu kuanzia ampea 1.5 kwa mita mpaka 7.5. Chipu inahitaji volti chache tu. Koili ikiachwa bila mdhibiti inaweza kuzaa volti zaidi ya 100.

Mdhibiti ni transista, yaani swichi ndogo ya kielektroniki, iliyowekwa sambamba na koili ndani ya chipu. Volteji ikipanda kupita kiasi, inafunguka na kuuvuta mkondo wa ziada upite kwake, ili sehemu nyingine za chipu zibaki salama. Umeme huo haupotei, unageuka joto, na joto lote liko ndani ya kile kichipu. Kwa hiyo transista ikiwa ndogo, au kiwanda kikiwa kimebana matumizi, kadi itakwenda vizuri dukani na itaungua kwa mteja. Kwa macho huwezi kujua.

Nilianza na mashine ya mezani ya kuandikia kadi. Kadi nyeupe kwa sentimita mbili tatu ilisomeka bila wasiwasi. Nikaibandika kabisa, ikakataa. Na hili nimeliona milangoni mara nyingi: mgeni anaigandamiza kadi, mlango haufunguki, anazidi kugandamiza, mwishowe anateremka mapokezi na uso umemvimba. Kadi hujibu kwa kuubadilisha mzigo wake kwenye uga, na mashine inayasikia mabadiliko hayo. Mdhibiti akiwa ameshika kwa nguvu zote, mabadiliko hayo anayameza. Juu ya hapo, koili mbili zikikaribiana mno huharibiana mlio, yaani kila moja inamtoa mwenzake kwenye mawimbi yake ya kawaida. Dawa ya mlangoni ni kumwambia mgeni airudishe kadi nyuma kidogo, lakini nani atasimama kila mlango kusema hivyo? Kadi nene ilisomeka kwa mbali, na ikasomeka hata ilipobandikwa. Kidude kikataka kusogezwa karibu, kwa sababu koili yake ni ndogo, ila kikibandikwa hakina matata.

Halafu nikaja kwa muuaji mwenyewe. Kitasa cha mlango kinatumia betri ndogo na kinaamka kidogo tu kusoma, sijawahi kukishuku. Ninachokishuku ni chaja ya kulazia simu. Wageni wanaitia kadi ya chumba nyuma ya kava la simu, usiku wanailaza simu juu ya chaja, na kadi inakuwa katikati kama nyama ya sambusa. Nyingi ya chaja hizo, za mtindo wa kuchaji bila waya uitwao Qi, hutoa mpaka wati 15, kwa mawimbi ya kilohezi mia na ushei, wakati kadi inaishi kwa miliwati chache tu, na miliwati ni sehemu moja ya elfu ya wati. Kadi haikutengenezwa kwa mawimbi yale, sawa, lakini kwa umbali wa milimita mbili hilo haliiokoi sana. Chaja nyingine za siku hizi hutafuta kwanza kama kuna kadi na kugoma kuchaji. Za rahisi hazijui hayo.

Nikazilaza moja moja kwenye chaja yangu, simu juu yake. Nyeupe ilikufa ikaota alama ya hudhurungi pale penye chipu. Nene ilipata moto mpaka sikuweza kuishika vizuri, ikapoa, ikasomeka. Sitaki kumwahidi mtu kuwa itavumilia hivyo kila usiku. Kidude kilitoka salama. Koili yake inakamata uga mdogo, na ubaya wake wa kusoma karibu ndio uliokuwa ngao. Tena kidude hakiingii nyuma ya kava la simu hata mgeni akitaka, na kwangu hiyo inazidi transista yoyote.

Kwa hiyo vyumba vya kawaida nunua vidude. Kadi nene waachie wafanyakazi, wanaofungua milango mingi na hawana muda wa kupimapima. Nyeupe sizichukui tena, hata kwa bei ya jumla. Na kwa kuwa tumeshazungumzia chaja, pasipoti zetu za kielektroniki, zilizoanza kutolewa 2018, nazo zina chipu ya namna hii, msizilaze hapo.

Duka nalipa alama nne kati ya tano. Ami anayeuza ana subira, anakuachia ujaribu kadi kwenye mashine yake kabla hujalipa, na iliyokufa ndani ya wiki anaibadilisha bila maneno mengi. Alichokosa ni kuwa pakiti hazina jina la chipu wala la kiwanda, na ukimuuliza anasema "zote moja tu hizo, mwanangu". Nenda na simu yako yenye NFC, yaani yenye uwezo wa kusoma kadi za namna hii, uisome chipu mwenyewe, na risiti uidai, maana haiji mpaka uitake.