Mfuko wa kuzuia maji: walikataa kuupokea tena eti kwa sababu umelowa

Jina la duka silitaji. Liko hapa Kisumu, linauza vifaa vya kamera, na mpaka juzijuzi mimi mwenyewe nilikuwa nawatuma watu huko.

Tunajiandaa kwenda kupiga picha Mto Yala, kule chini unakoingia kwenye kinamasi kabla ya kufika Ziwa Viktoria. Huko hupigi picha ukiwa nchi kavu, mafunjo yamekuzidi kimo. Unapanda mtumbwi, unakaa karibu na maji, kamera magotini. Kuna ndege wa mafunjo mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano: utamsikia muda mrefu kabla hujamwona, na akijitokeza ni kidogo tu. Nzohe naye, yule swala wa kinamasini, akishtuka hujizamisha akabakiza pua. Kwa hiyo unahitaji mfuko unaofunguka upesi na usioingiza hata tone.

Nikanunua mfuko wao, ule unaokunjwa mdomo mara tatu kisha unabana klipu. Sh2,500. Nyumbani nikautia tishu kavu, nikaufunga, nikauzamisha kwenye beseni na jiwe juu. Fanyeni hivyo kabla ya kuuamini mfuko wowote, hasa kama lenzi ni ya kukodi. Asubuhi mdomo ulikuwa salama, lakini tishu ya chini ilikuwa chapachapa. Maji yalipenya kwenye mshono wa kitako.

Nikaurudisha, risiti mkononi. Yule bwana wa kaunta akaupapasa: "Huu umelowa. Kitu kimetumika haturudishi."

Nikamweleza. Akanikata: "Nani alikwambia uutie ndani ya maji?"

Mfuko wa kuzuia maji, jamani! Nikamtajia Kifungu cha 46 cha Katiba, kinachompa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Akamgeukia mteja mwingine: "Huyu anataka kuogesha kamera." Watu wakacheka. Mimi ni mtu mzima, nimeacha pesa nyingi kwenye kaunta ile, na sikuinua sauti hata mara moja.

Haki yao niwape. Betri zao hazijawahi kunisumbua, na vipakiti vya silika vya kunyonya unyevu, ambavyo ukanda huu wa ziwa bila hivyo lenzi inaota kuvu, wanauza kwa bei nzuri. Nilikuwa nimeamua kuwapa nyota mbili. Hata tatu, kwa ajili ya dada anayeuza kadi za kumbukumbu, maana alinifuata mpaka mlangoni akaniambia, "Pole, kaka. Mzigo wote uko hivyo, wengine pia wamerudisha."

Wengine wamerudisha! Basi walijua. Walijua na bado wameitundika pale mbele, na yule bwana aliwachekesha watu juu yangu akijua. Hizo nyota nimezifuta, siwapi hata moja.

Ule ujanja wa zamani wa kuvalisha kamera mfuko wa nailoni nao haupo, mifuko hiyo ilipigwa marufuku tangu 2017. Lenzi nitaibeba kwenye ndoo ya rangi yenye kifuniko. Kukibandua ni kazi, na ndege yule hasubiri.

Nataka pesa zangu. Na mifuko hiyo iondolewe pale mbele kabla mtu hajazamisha kamera inayolipia watoto wake karo.