Ovadraivu ya pikapu ya dizeli otomatiki: nzuri, ila si kila mahali

Kwenye giaboksi ya gia 4, ovadraivu (ndiyo gia ya 4, ya juu kabisa) inafaa sana lami tambarare: propela (shafti inayopeleka nguvu magurudumuni) ikizunguka mara 10, injini huzunguka kama mara 7 tu, na mafuta yanadumu. Iache imewashwa.

Ukivuta tela au ukipanda mlima, gia ikaanza kurukaruka kati ya 3 na 4, izime kwa kubonyeza kitufe kilicho ubavuni mwa mkono wa gia. Huko kurukaruka ndiko kunakochemsha oili ya giaboksi na kuunguza klachi za ndani, na matengenezo yake ni ghali mno. Mteremko mrefu pia izime, injini isaidie breki.

Kasoro yake ni taa ya O/D OFF: huwaka ovadraivu ikiwa imezimwa, na wengi huielewa kinyume.