Uzoefu wangu na zana za utafutaji ndani ya Emacs

Ninatunza programu ya hesabu za vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa, nikiwa hapa Mbeya mjini. Imepitia mikono ya watu wengi, kiasi kwamba faili moja lina majina ya Kiswahili na linalofuata lina ya Kiingereza, hivyo sehemu kubwa ya kazi yangu ni kutafuta kitu kilipo kabla sijagusa chochote.

Ninatumia Emacs, kihariri cha maandishi ambacho Richard Stallman alikitoa katika mfumo wa GNU mwaka 1985, na ambacho mtumiaji hukibadili apendavyo kwa lugha ya programu ya Lisp. Utafutaji wake wa asili, Ctrl-s, ni mwepesi, lakini hukupeleka kwenye tokeo moja baada ya jingine. Nyongeza ya Consult, ikiambatana na nyongeza nyingine mbili, Vertico (inayoonyesha orodha) na Orderless (inayolinganisha maneno), huorodhesha mistari yote inayolingana na kukuonyesha kila mmoja mahali pake unapopita juu yake. Ukighairi kwa Ctrl-g, unarudi pale pale ulipokuwa. Orderless ndiyo iliyonivutia zaidi: nikiandika "pili malipo" napata kila mstari wenye maneno hayo mawili, lolote litangulie, jambo linalofaa sana pale ambapo hukumbuki mwenzako alilipanga vipi jina.

Kwa folda nzima kuna consult-ripgrep, inayotegemea ripgrep, programu ya kutafuta maneno ndani ya faili nyingi, ambayo lazima uisakinishe kando. Ina kasi ya kuridhisha hata kwenye kompyuta yangu ya zamani, na matokeo yakizidi unaweza kuongeza alama ya # na kuyachuja papo hapo. Mgeni ajue tu kwamba ripgrep huruka faili zilizotajwa kwenye .gitignore, yaani orodha ya faili ambazo Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, huambiwa izipuuze; kwetu faili za CSV (majedwali ya data) za vyama vya Rungwe na Mbozi zimo humo, na kwa mipangilio ya kawaida hazitaonekana kamwe.

Hata hivyo, zana ninayoithamini kupita zote haihitaji kusakinishwa. Amri ya occur hukusanya mistari inayolingana katika dirisha lake, na ukibonyeza herufi e unaihariri humo humo, mabadiliko yakaingia katika matini yenyewe. Nashangaa ni wachache kiasi gani wanaoitumia.

Kuruka hadi mahali funksheni ilipoandikwa, kwa M-. na kurudi kwa M-, (M ni kitufe cha Alt) kunategemea zana inayofanya kazi hiyo nyuma ya pazia. Eglot, iliyoingizwa rasmi katika Emacs 29 mwaka 2023, huifanya kazi hiyo kwa usahihi ikiwa una seva ya lugha unayoandikia, yaani programu inayoichambua misimbo ya lugha hiyo, ila seva hizo hula kumbukumbu nyingi. Kwa kompyuta yangu naiwasha ninapobadili jina la funksheni katika mradi mzima. Siku nyingine consult-ripgrep inanitosha.