Zumu ya kununua: vioo vinavyosogea au lenzi ya majimaji?

Kama unataka kumvuta karibu kwa kamera ndege korongo-nyangumi ukiwa kwenye mtumbwi katika kinamasi cha Mabamba, Uganda, au mchezaji aliye upande wa pili wa uwanja Namboole, usianze na bei. Anza na namba za milimita za lenzi, yaani urefu wa fokasi: ndogo ni ya kuona eneo pana, kubwa ni ya kuvuta mbali. Gawanya kubwa kwa ndogo: 24–2000 ni mara 83. Simu ikiandikwa "100x" bila kutaja lenzi, sehemu kubwa ya hiyo ni picha iliyokatwa na kutanuliwa tu.

Nafasi ya kwanza tunaipa kamera yenye zumu ndefu ya vioo vinavyosogea, isiyobadilishwa lenzi: Nikon P950 (24–2000 mm) au Canon SX70 HS (21–1365 mm). Sensa zake, yaani sehemu inayopokea mwanga, ni ndogo, kwa hiyo jioni picha hujaa chenga. Kwenye mtumbwi unaoyumba, weka shata (muda wa kuingiza mwanga) sekunde 1/500 au kasi zaidi. Saa sita mchana hewa ya moto juu ya maji huitetemesha picha, na hapo hata lenzi ya gharama haisaidii, nenda alfajiri. Ukinunua iliyotumika, toa na urudishe zumu mara kadhaa huku umeitegea sikio. Mkwaruzo maana yake vumbi limeingia kwenye mapipa ya lenzi, iache. Kisha mulika tochi ndani ya lenzi: nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ni kuvu, na unyevu wa kandokando ya ziwa huilea vizuri sana.

Ya pili ni simu yenye lenzi ya periskopu (iliyolazwa ndani ya simu, mwanga ukikunjwa kuifikia), mfano Galaxy S22 Ultra au S23 Ultra, zinazofika mara 10 kwa vioo halisi. Zijaribu dukani: weka 10x, kisha ziba lenzi moja moja kwa kidole. Ukiziba ya periskopu na picha ikabaki, simu imehamia kamera kuu kimyakimya. Hufanya hivyo mwanga ukiwa hafifu, kwa hiyo rudia jaribio nje ya duka kabla ya kutoa hela.

Lenzi ya majimaji ni ya tatu, ingawa ndiyo yenye ufundi wa kuvutia zaidi. Xiaomi Mi Mix Fold ya 2021 ina kimiminika kilichofungwa ndani ya utando mwembamba. Mota huubinya, mbinuko hubadilika, na lenzi ileile huvuta mara 3 kisha ikapiga picha ya kitu kilicho umbali wa sentimita 3 tu. Tatizo la lenzi za aina hii ni kwamba joto hutanua kimiminika na kusogeza fokasi, na zikisimama wima uzito wa kimiminika unaweza kuuvuta utando kwenda chini. Piga picha ya gazeti simu ikiwa imelala, halafu imesimama, ulinganishe herufi za pembeni. Zaidi ya hapo, simu hiyo iliuzwa China tu: utando ukivuja, fundi wa Kampala atapata wapi kipuri?

Lenzi za kubana juu ya simu, ruka.