NHL kwenye TV: mtangazaji wa timu au mtangazaji wa taifa?

Mechi nyingi za msimu wa kawaida wa NHL, ligi ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, hurushwa na chaneli za eneo, ambazo watangazaji wake wako upande wa timu ya nyumbani, wala hawafichi. Adhabu ikiwaangukia, tukio hurudiwa taratibu mara tatu nne. Ya mchezaji wao iliyomponyoka refa hupita kimya. Mwendo wa taratibu nao unadanganya: gongo lililogusa mkono kufumba na kufumbua linaonekana limeng'ang'ania pale, na shabiki anaapa wameonewa.

ESPN, inayorusha kitaifa nchini Marekani, tangu 2021 inamtumia Dave Jackson, refa wa zamani wa ligi hiyo. Kwa uamuzi wenye utata, huyu ndiye wa kusikilizwa, maana anaanza na kanuni. Mfano ni kuotea, yaani mshambuliaji kuvuka mstari wa buluu kuingia eneo la wapinzani kabla ya kisahani kinachochezwa: tangu msimu wa 2020-21 kiatu si lazima kiguse barafu, kikiwa hewani juu ya mstari huo kinatosha asihesabiwe ameotea. Kocha akipinga bao kwa kudai kuotea akashindwa, timu inacheza pungufu mchezaji mmoja kwa dakika 2. Akirudia kosa, 4.

Ila mchambuzi wa kanuni huitwa kwenye utata mkubwa tu. Vurugu ndogondogo za pembeni, zinazojenga chuki dhidi ya refa, hubaki mikononi mwa watangazaji wa kawaida.