Stendi ya kunawia mikono ya kukanyaga: tuliyoiagiza kwa ajili ya skuli yetu, Wete

Stendi hii ya chuma tuliichongesha kwa fundi wa kuchomelea hapa Wete, Pemba, Juni 2020, shilingi 85,000 pamoja na ndoo ya lita 20. Mimi ni mshonaji, nimo kwenye kamati ya wazazi, na ndiye niliyetumwa kuiagiza. Ningeinunua tena, lakini kuna mambo ningeyadai mapema.

Skuli zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona. Ramadhani ikapita, Idi ikapita, watoto wamo majumbani. Tukasikia Form Six wanarudi kwanza, kwa kuwa mtihani wao wa taifa ulikuwa unaanza 29 Juni, basi tukajua na wadogo zamu yao i karibu. Kikao cha wazazi tulikifanyia chini ya mwembe, viti vimeachana, na kilikuwa kikali.

Mama mmoja mwenye mtoto darasa la sita alisimama akasema, "Msimu wa karafuu ukiwakuta nje, hawa wa kiume hatuwapati tena darasani." Mzee mmoja anayelea wajukuu wanne akamjibu kwa upole, "Mwanangu, kifua changu nakijua mwenyewe. Wao watapata mafua, mimi mtanizika." Hakuna aliyethubutu kumwambia amekosea. Takwimu za taifa zilikuwa zimesimama kwenye wagonjwa 509 tangu Mei, na kila mtu alikuwa akipima kwa misiba anayoisikia mtaani kwake. Mimi nilikuwa upande wa kufungua, tena kwa nguvu, kwa sababu binti yangu alikuwa ameanza kusahau kusoma. Lakini mamangu nakaa naye na ana pumu, na maneno ya yule mzee yalinifunga mdomo.

Aliyetukwamua ni mwalimu mmoja aliyeuliza: mtoto akitoka chooni, ananawa wapi? Koki ilikuwa moja, watoto ni wa mikondo miwili, asubuhi na jioni. Mzee akasema, "Nionesheni maji na sabuni, nami nitamleta mjukuu kwa mkono wangu." Tukachanga pale pale.

Sasa stendi yenyewe. Ina pedeli mbili chini: ya kushoto ya sabuni, ya kulia ya maji. Kila pedeli imefungwa waya wa breki ya baiskeli unaopanda juu kufungua koki, na ukiinua mguu springi inaifunga. Faida yake kubwa iko hapo. Koki ya kawaida unaifungua kwa mkono mchafu, kisha unaifunga kwa mkono huo huo ukiwa umeshaosha. Tena maji hayamwagiki bure wakati mtoto anasugua zile sekunde 20.

Kasoro ya kwanza niliiona kwa macho yangu siku ya majaribio. Springi zilikuwa ngumu mno. Kitoto kimoja cha darasa la kwanza, miguu miembamba, kilikanyaga hakuna kitu. Kikapanda kwa miguu yote miwili juu ya pedeli, kikajishikilia kwenye mdomo wa ndoo kisianguke, na maji yakatoka, ila mikono iliyotakiwa kunawa imeshika ndoo. Nilirudi kwa fundi jioni ile ile. Alibadilisha springi akaweka laini na akaishusha pedeli, bila kudai hata senti, na hilo nalihesabu kwa upande wake.

Waya wa maji ulikatika wiki ya tatu. Kwa fundi baiskeli waya mpya ni bei ndogo, kwa hiyo weka wa akiba. Kutu nayo ilianza mapema, bahari iko karibu na stendi ilipigwa rangi ya juu tu. Dai ipakwe rangi ya kuzuia kutu kwanza.

Lakini jambo ambalo hakuna fundi atakayekwambia ni maji. Kila mtoto akitumia nusu lita, ndoo inanawisha watoto 40 basi, na darasa moja kwetu lina watoto zaidi ya hao. Tuliwaomba watoto waje na vidumu vya maji kutoka nyumbani. Sabuni tuliikuna ya mche tukaiyeyusha, na ikiwa nzito koki inaziba, kwa hiyo ifanye nyepesi.

Ndiyo maana kwa skuli isiyo na fedha nashauri waanze na kibuyu chirizi: dumu la lita tano lenye tundu dogo, kamba, na kijiti cha kukanyaga. Gharama yake karibu hakuna, maji inayotumia ni machache sana, na wadogo wanaiweza. Sisi tuliongeza vitatu kando ya vyoo, stendi tukaiacha getini.

Yule mzee alikuja siku ya kufungua na mjukuu mmoja kati ya wanne. Aliikanyaga mwenyewe kwanza, akanawa mpaka kwenye viwiko, kisha akamshika mtoto bega akamsogeza mbele. Wale watatu aliwaleta wiki iliyofuata.

Ukienda kuagiza ya kwenu, chukua mtoto wa miaka saba uende naye, aikanyage mbele ya fundi kabla hujamaliza kulipa.